Uzi wa Evaristo kwenye Shingo ya Chupa

Evaristo Peguero alikuwa mtu wa kukaa. Naanza na hilo kwa sababu waliomjua miaka hii ya karibuni watabisha. Watasema hapana, Varito, kama tulivyomwita, ni yule asiyemaliza kikombe cha kahawa, anayeinuka katikati ya maneno yako akaenda kusikiliza mlango. Lakini mimi nilimjua zamani. Nilikuwa napita na gurudumu langu la kunolea visu, Jumanne na Ijumaa, na kila nilipopita nilimkuta kwenye kiti chake cha ngozi ya mbuzi, amekiegemeza ukutani kwa miguu miwili ya nyuma. Hapo ni ndani ya duka la divai ambalo mji mzima wa Santiago ulikuwa ukiliita kwa Mhispania, ingawa Mhispania mwenyewe alikuwa amelala makaburini tangu mwaka wa kile kimbunga. Evaristo alikaa vile mpaka mteja aingie. Mteja akiingia aliinuka taratibu, kama mtu anayetoka kwenye maji.

Nieleze kidogo habari ya uzi, maana bila uzi sina la kusimulia.

Alishuka kutoka milima ya Jánico akiwa na miaka kumi na tisa, kuja kubeba makasha. Don Celestino, huyo Mhispania, alikuwa na sauti ya ukali na mkono uliofunguka. Kila chupa aliyoifungua kuwaonjesha wateja, mabaki alimwachia mbebaji wake. Hivyo ndivyo ulimi wa Evaristo ulivyosoma. Macho yake yalikuwa hayajasoma. Herufi hata moja hakuijua, na chupa zote zilikuwa na maandishi ya Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani yaliyopindapinda kama mizizi. Basi ili asisahau ipi ameionja akaiona njema, alichukua uzi wa bluu, ule wa kushonea magunia ya mchele, akawa anaifunga chupa shingoni, fundo moja. Ilikuwa alama yake mwenyewe, hakumwambia mtu. Mwezi haukuisha, wateja wakaanza kuuliza.

"Ile yenye uzi ni ya nini?"

Don Celestino alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo Varito ameionja."

"Basi nipe hiyo hiyo."

Ikawa hivyo kwa miaka thelathini na tisa. Watu wa mtaa wetu hawakununua divai kwa jina la shamba wala kwa mwaka wa mavuno. Nani angejua? Walinunua uzi. Mtu anamwoza binti yake, anasema, niletee makasha mawili ya uzi. Chupa isiyo na uzi haikuwa mbaya, ilikuwa tu ugeni wake haujaisha. Na sheria ya Evaristo ilikuwa hiyo moja, hafungi asichokionja.

Kusoma alijifunza baadaye, ameshaoa, kwenye darasa la watu wazima la parokia, kwa mwalimu Oneida Tejada. Mwalimu huyu mshikeni akilini, anakuja.

Don Celestino alipofariki duka likabaki kwa mjane wake, doña Nurys, mwanamke mrefu, mwepesi wa kugomba na mwepesi wa kusahau alichogombea. Divai haikumwingia. "Kwangu mimi yote ni siki iliyovaa vizuri," alikuwa akisema. Barua na ugomvi na watu wa bandarini vilikuwa vyake, ulimi ulikuwa wa Evaristo. Akampa ufunguo wa chumba cha nyuma, kule divai inakolazwa, na wala hakuchonga wa pili.

Sasa mwaka ninaousimulia mambo yalikuwa yamebana. Yale maduka makubwa ya barabara kuu yalishaanza kuuza divai pembeni ya nyanya na sabuni. Doña Nurys akafanya jambo ambalo marehemu hakuwahi kulithubutu. Badala ya kununua kwa matajiri wa mji mkuu, aliandika mwenyewe kwa wenye mashamba, wadogowadogo, huko Ulaya na Marekani. Miezi sita ya barua. Aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake kule Moca. Yakaja makasha tisini na sita: ya Hispania, ya Ureno, ya Italia, ya mashamba mawili ya Ufaransa, na kutoka Marekani ya Kalifornia na ya Oregon. Mzigo uliingia Jumatatu ya Wiki Takatifu, ukapangwa chumba cha nyuma kutoka kwenye saruji ya sakafu mpaka karibu na bati.

"Varito," doña Nurys alimwambia akijipepea na karatasi za bandari, "hizi zisipotoka tutauza empanada za nyama hapa. Na wewe ndiye utakayekaanga."

"Nitaunguza, doña."

"Utaunguza, na watu watakula. Omba Mungu zitoke."

Jumatano mchana duka likafungwa kwa sikukuu. Doña Nurys alitangulia kuondoka. Evaristo akabaki kuzima taa na kufunga, kama kila mwaka, na hapo ndipo umeme ulipoanza kucheza. Unakwenda, unarudi, unakwenda. Mtu wa kwetu akiona hivyo mkono wake haumwombi ruhusa. Hakuna nyumba isiyo na friji iliyoungua siku umeme uliporudi kwa hasira. Watoto wetu wanajua kuchomoa plagi kabla hawajajua kufunga viatu. Evaristo akaingia chumba cha nyuma akachomoa plagi ya mashine ya baridi, asubiri umeme utulie airudishe.

Nje basi dogo la Jánico likapiga honi. Mkewe, Fiordaliza, alikuwa ameshakaa ndani, sufuria ya maharage matamu ya Kwaresima imebanwa katikati ya magoti.

"Varito! Dereva anasema anaondoka na mimi na maharage! Wewe baki na Mhispania wako!"

Abiria wakacheka. Evaristo naye akacheka, akafunga mlango, akakimbia.

Alikumbuka Ijumaa Kuu, kijiko kiko mdomoni. Mama mkwe wake alikuwa akimweleza habari ya ng'ombe, na katikati ya ng'ombe akaiona plagi imelala sakafuni. Ijumaa Kuu milimani hakitembei kitu chenye gurudumu. Akajiambia huenda aliirudisha. Usiku mzima akawa anaurudia mkono wake kichwani, umechomoa, umerudisha, haukurudisha. Jumamosi asubuhi lori la viazi lilishuka mjini, likapunguza mwendo mbele ya nyumba, dereva akauliza kama kuna anayeteremka. Evaristo akajiambia kwa uhakika kabisa kwamba aliirudisha. Lori likaondoka.

Haya alikuja kunieleza mwenyewe, amenishikia gurudumu, na nadhani lile lori lilimuuma kuliko plagi.

Jumatatu alifika wa kwanza. Alipofungua chumba cha nyuma, joto lilimjia usoni kama la mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akimsubiri. Siku nne bati lilikuwa likichomwa na jua. Akachomeka plagi. Doña Nurys alipoingia saa nne, chumba kilikuwa kimepoa, na ile mashine haina mdomo.

"Zimelala salama?"

"Zimelala, doña."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomtoa kwenye kile kiti.

Divai ikipata joto inavimba, inasukuma kizibo. Evaristo akawa kila akipata dakika anaingia kule nyuma na kupitisha kidole gumba juu ya chupa, kwenye lile karatasi la bati linalofunika kizibo. Nyingine zilikuwa laini. Nyingine kizibo kimeinuka kiasi cha unene wa ukucha. Alifungua moja ya kasha la juu akiwa peke yake. Ilikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizosahauliwa jikoni. Akafungua nyingine ya shamba lile lile, mwaka ule ule, kutoka kasha jingine, ikawa safi kama siku iliyotiwa. Hapo ndipo alipopotea. Zamani akionja moja alikuwa ameonja kasha kumi. Sasa kuonja moja hakukumwambia lolote kuhusu jirani yake.

Mwanzoni mwa Mei matangazo yakaja kutoka kwa mpiga chapa, rundo zima, ya manjano. Doña Nurys alibandika la kwanza mlangoni kwa mkono wake. Yalisema: ZIMEFIKA MOJA KWA MOJA KUTOKA ULAYA NA MAREKANI. PUNGUZO LA ROBO BEI MPAKA SIKU YA AKINA MAMA. KILA CHUPA INA UZI WA EVARISTO.

Evaristo aliusoma ule mstari wa mwisho akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Doña, kila chupa?"

"Kila chupa. Maduka makubwa yana taa na muziki. Sisi tuna nini? Tuna uzi wako. Nimekununulia roda tatu za uzi, zipo kwenye droo."

"Sijazionja bado zote."

"Mzigo una wiki tatu hapa, Varito! Siku hizi unaonja kwa barua?"

"Nina mafua."

"Mafua ya Mei."

"Ndiyo hayo mabaya."

Akamtazama, akaenda kugombana na mtu kwenye simu. Evaristo akatoka nje kwenye kivuli, akarudi, akatoka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, Tolentino, aliyekuwa na meza ya dhumna mbele ya kibanda chake na mdomo usiolala.

"Varito, hiyo njia umeshaitoboa! Ingia ucheze mkono mmoja."

"Nina kazi."

"Kazi gani? Tangu asubuhi umetoka mara tisa. Au doña amekuajiri uwe pazia?"

"Niache, Tolentino."

"Nimeshakuacha. Wewe ndiye unayenipitia." Akawageukia wachezaji wake. "Mtu akianza kutembea hivi mwezi wa Mei, kuna mwanamke."

Na Fiordaliza nyumbani naye akafika huko huko. Alimuuliza wakiwa wanamenya mihogo, kisu kiko mkononi mwake, kisu nilichokinoa mimi.

"Niambie tu jina lake."

"Jina la nani?"

"Hulali, huli, unashtuka taa zikipepesa. Miaka hamsini na minane, Evaristo Peguero. Huoni haya?"

"Hakuna mwanamke, Fior. Haki ya Mungu, hakuna."

"Afadhali angekuwepo, ningejua pa kwenda kutukania."

Hakumwambia. Angemwambia Fiordaliza, Fiordaliza angevaa viatu akaenda kwa doña Nurys siku hiyo hiyo. Na doña Nurys alikuwa ameuza kiwanja cha baba yake. Kila alipotaka kufungua kinywa alikiona kile kiwanja, na majani yake, na waya wake wa miba. Akaona bora anyamaze, afunge uzi, watu wanywe, wengi wao hawatatambua. Halafu akichukua uzi, kidole kinakataa. Akawa hivyo, siku baada ya siku, hasemi na hafungi.

Ndipo akaja mwalimu Oneida.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya punguzo kuanza. Nami nilikuwepo, maana kisu cha kukatia jibini cha doña Nurys kilikuwa kimekufa. Mwalimu alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwavuli mweusi, soksi nyeupe. Divai alinunua chupa moja kwa mwaka. Siku ya Akina Mama alikuwa akienda nayo makaburini pamoja na dada zake wawili, wanamwagia mama yao kidogo juu ya jiwe, na iliyobaki wanainywa wao hapo hapo kwa vikombe vya plastiki, wanacheka kama wasichana mpaka mlinzi anakuja. Mwaka mzima hiyo ndiyo pombe yao.

"Nimeliona tangazo," alisema. "Nimekuja kabla ya fujo. Nipe chupa ya mama."

Evaristo akanyoosha mkono kwenye rafu ya zamani. Doña Nurys akamwahi.

"Mwalimu apewe mpya! Bei ya punguzo, na tena kabla ya watu wote." Akaingia mwenyewe kule nyuma, akatoka na chupa ya Kireno iliyokuwa kwenye kasha la juu kabisa, akaiweka mezani. "Varito, mfungie mwalimu uzi."

Nilikuwa namtazama. Fundo ambalo zamani alilifunga bila kuangalia, sasa vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Akalizungusha, likaponyoka. Akalizungusha tena.

"Umezeeka, mwanafunzi wangu," mwalimu alisema.

"Nimezeeka, mwalimu."

Akalifunga. Mwalimu akaitia chupa kwenye kapu, akafungua mwavuli, akatoka. Doña Nurys akarudi kwenye karatasi zake. Evaristo akabaki amesimama, ncha ya uzi bado imezungushwa kwenye kidole, roda iko mezani. Akaenda mlangoni hatua mbili. Akarudi moja. Kisha akakimbia.

Sijawahi kumwona Evaristo akikimbia kabla ya siku ile. Alikimbia kwenye jua la saa sita, bila kofia, na ule uzi haukumwacha. Roda ilianguka kutoka mezani ikawa inaruka sakafuni na kumwaga uzi nyuma yake, kupita mlango, kupita kinyozi, mpaka kwenye kona ya tanuri la mikate. Tolentino akasimama na wembe hewani.

"Varito! Nani anakurusha kama kishada?"

Alimfikia mwalimu kwenye kona. Akashika kapu.

"Mwalimu, nirudishie."

"Nini?"

"Chupa. Nirudishie, tafadhali."

"Nimeshailipia, Evaristo."

"Najua. Nirudishie. Huu uzi nimeufunga bila kuionja."

Mwalimu Oneida alimtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani akikosea ubaoni, bila haraka, akimpa nafasi ya kujiona. Akatoa chupa kwenye kapu, akamkabidhi.

"Nenda kamwambie aliyekutuma uufunge," alisema. "Nitakusubiri hapa, kwenye kivuli cha tanuri la mikate."

Doña Nurys alikuwa ameshatoka mlangoni. Uzi ulikuwa umemkwama kwenye kiatu, ameushika, anautazama unavyokwenda barabara nzima na kurudi kwa yule mtu anayekuja na chupa mkononi.

"Hiki ni nini?"

Evaristo akamwambia hapo hapo mlangoni. Hakukaa wala hakuingia ndani. Tolentino aliacha kunyoa, na mteja wake, nusu ya uso ina povu, akainua kichwa asikie vizuri.

"Sema tena," doña Nurys alisema.

Akasema tena.

"Ulichomoa."

"Nilichomoa, doña. Umeme ulikuwa unacheza."

"Ukasahau."

"Nikasahau."

"Ukakumbuka lini?"

Hapo angeweza kusema Jumatatu. Nani angembishia? Kidole gumba kilikuwa kikizunguka juu ya kizibo cha ile chupa, chenyewe tu, bila yeye kujua.

"Ijumaa Kuu."

"Na Jumamosi hapakuwa na gari?"

"Kulikuwa na lori."

Doña Nurys akanyoosha mkono. Nilidhani atampiga kofi, na nadhani Evaristo pia, maana alifumba macho. Lakini mkono ulikaa wazi, unasubiri. Akauelewa. Akatoa ufunguo wa chumba cha nyuma mfukoni, ule uliokuwa mfukoni mwake tangu don Celestino azikwe, akauweka kwenye kiganja. Doña akauingiza kwenye kamba ya miwani yake shingoni, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha Evaristo, kile cha ngozi ya mbuzi. Alikaa vibaya, kama mtu aliyeketi juu ya mnyama.

Mimi kisu nilikuwa nimeshakimaliza lakini nikawa naendelea kukanyaga gurudumu, taratibu, nisionekane.

"Hata mimi nilichomoa friji yangu siku ile," doña Nurys alisema mwishowe, macho sakafuni. "Nikasahau. Nyama yote nimewatupia mbwa wa jirani." Akapumua. "Lakini mimi nilikuwa Moca, Varito. Na hakuna lori lililosimama mbele yangu."

"Ndiyo, doña."

"Zipi ni nzima?"

"Sijui. Lazima nionje."

"Zote?"

"Kasha kwa kasha."

"Basi onja! Umesimama nini? Na mpelekee mwalimu chupa ya rafu ya zamani, na pesa yake, kabla hajayeyuka pale."

Punguzo likasogezwa mbele. Siku tisa Evaristo alionja. Asubuhi doña Nurys alifungua chumba kwa ufunguo wake, akakaa mlangoni, na jioni akafunga kwa ufunguo wake. Evaristo alifungua chupa moja ya kila kasha, anatia kidogo kwenye bilauri, ananusa, anatia mdomoni, anatema kwenye ndoo. Sikumwona akikaa hata mara moja. Siku ya tatu akaacha ghafla, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye saruji.

"Doña, njoo uguse."

"Niguse sakafu? Nimekosa kazi?"

"Iguse."

Saruji ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi hata siku zile, maana joto lilikaa juu, kwenye bati. Makasha ya chini, mstari wa kwanza na wa pili, yalikuwa hayajaguswa na kitu. Ya katikati yalichanganyika. Ya juu yalikuwa jamu. Mwisho wa yote makasha arobaini na moja yalipata uzi, na hamsini na tano hayakupata.

Matangazo yalikuwa yameshasambaa mji mzima na ule mstari wake wa mwisho. Basi Evaristo akachukua katoni na kalamu nene akaandika yeye mwenyewe, asubuhi nzima, akaliweka juu ya meza ya punguzo, kwenye zile zisizo na uzi: HIZI ZILIPATA JOTO WIKI TAKATIFU. NILICHOMOA PLAGI NIKASAHAU. NILIPOKUMBUKA SIKURUDI. ZINAFAA KUPIKIA NYAMA. NUSU BEI. EVARISTO PEGUERO.

Mwalimu Oneida alilisoma lote, kidole kikifuata kila neno. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akanunua moja ya kupikia.

Sitawadanganya kwamba watu walifurika. Wengine walisoma lile katoni wakacheka wakabeba mbili za mchuzi. Wengine walisoma wakatazama na zile zenye uzi kwa jicho jingine, wakaenda zao kwenye maduka ya taa na muziki. Tolentino alikata kipande cha tangazo akakibandika kwenye kioo chake, ule mstari wa kila chupa, na kila mtu akiketi kunyolewa alikuwa akimuuliza, "Unataka ya uzi au ya lori?" Alifanya hivyo mpaka Julai. Kiwanja cha Moca hakikurudi. Duka halikufungwa, ila lilipungua, rafu upande wa kushoto zikaondolewa. Na empanada zilikaangwa. Evaristo alizikaanga kweli pale karibu na mlango, za nyama iliyolowekwa katika ile divai ya Kireno, na hakuziunguza.

Ila uzi ulibadilika. Zamani mteja alichukua akaenda. Sasa alishika chupa akauliza, "Hii umeionja, au ni ya Ijumaa Kuu?" Hapo Evaristo alileta kizibuo, akafungua nyingine ya kasha lile lile, akaonja mbele ya mteja, akamtazama, ndipo akafunga fundo. Wakati mwingine alifungua chupa mbili ili auze moja. Doña Nurys alikuwa akiona na kuuma mdomo. Kile kiti cha ngozi ya mbuzi kikawa cha wateja.

Mwaka ukazunguka. Jumatano ya Wiki Takatifu iliyofuata palikuwa na mzigo mpya, makasha ishirini tu, ya yule mwenye shamba wa Oregon na ya Wareno, ambao walipoandikiwa ukweli walijibu vizuri. Yote yalipangwa sakafuni. Mchana doña Nurys alifunga madirisha, akachukua mkoba, akasimama mbele ya kikaango. Akatoa kitu kwenye kamba ya miwani, akakiweka mezani pembeni ya empanada.

"Mimi nakwenda Moca," alisema. "Kwa dada yangu. Narudi Jumatatu."

Akatoka bila kugeuka. Ulikuwa ule ufunguo.

Evaristo alimwambia Fiordaliza aende Jánico na basi, yeye mwaka huu haendi. Fiordaliza alisema maneno ambayo siyaandiki katika wiki kama ile. Lakini Ijumaa Kuu mchana nilipopita, mikono mitupu, maana siku hiyo kisu hakinolewi, niliwakuta wote wawili ndani ya duka lililofungwa nusu mlango, na sufuria ya maharage matamu juu ya meza ya punguzo.

"Ingia, mzee," Fiordaliza aliniambia. "Uje unisaidie kumtazama mtu anayelinda ukuta."

Alinipa bakuli. Mashine ilikuwa ikinguruma chumba cha nyuma. Tukala. Evaristo alikuwa na bakuli mkononi, anakwenda mlango wa nyuma, anarudi, anakwenda.

"Kaa chini, Varito, unamwaga."

"Nakaa."

Hapo taa zikapepesa. Zikarudi. Zikapepesa tena. Bakuli likawa mezani na yeye ameshaingia. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amechomoa plagi, ameishika kwa mikono yote miwili, amesimama mbele ya soketi katika lile giza la mchana lenye harufu ya mbao na vizibo. Umeme ulikwenda ukakaa huko. Tulimsubiri. Alisimama vile nusu saa, labda na zaidi, sikuwa na saa.

Uliporudi hakuichomeka mara moja. Alitazama taa, midomo ikihesabu, mpaka alipohakikisha kwamba umekuja kukaa. Ndipo akairudisha plagi, akaisukuma kwa kiganja, akaisukuma tena. Mashine ikakohoa, ikaanza. Akaweka mkono juu yake kama unavyoweka kwenye paji la uso la mtoto, akauacha hapo.

Fiordaliza alikuja na bakuli, akamtia kijiko mkononi. Hakumwambia tena akae. Alikula amesimama, mpaka akamaliza, kisha akaomba jingine.